Maswali na majibu: umeonja au umekula?

Barua za wiki hizi nyingi zinahusu mdomo unaotangulia pochi. Nimekulia nyuma ya meza ya mama yangu sokoni Kirumba, hapa Mwanza, kwa hiyo jambo hili siliangalii kwa mbali. Nimechagua saba.

Shikamoo mama. Nikiingia supamaketi na mwanangu wa miaka mitatu, analilia biskuti. Namfungulia pakiti ale huku tunazunguka, halafu nalipa pakiti tupu. Juzi mlinzi alinifuata kila kona mpaka nikaona aibu. Kosa langu liko wapi? (Mama wa Buswelu)

Marahaba mwanangu. Hujaiba. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, inapoeleza wizi inataka kuwe na nia ya udanganyifu, na wewe nia hiyo huna. Lakini mlinzi hasomi moyo wa mtu. Anachokiona ni pakiti iliyopasuliwa na mtoto anayetafuna.

Tena biskuti zile zilikuwa bado mali ya duka. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya maduka ya dawa ya Boots, ambayo wanafunzi wa sheria hapa kwetu nao wanaisoma. Mahakama ilisema bidhaa kukaa kwenye rafu si mauziano. Mauziano yanafanyika pale kaunta, mnunuzi anapoleta kitu na muuzaji anapokubali kumuuzia. Kabla ya hapo umebeba tu kitu cha mtu.

Zamani tatizo hili halikuwapo, kwa sababu karani alisimama nyuma ya meza akakupa ulichokitaja, kama maduka yetu ya mtaani yanavyofanya hadi leo. Duka la kujichukulia mwenyewe alilianzisha Clarence Saunders mjini Memphis, Marekani, mwaka 1916, akaliita Piggly Wiggly. Tangu hapo mwenye duka anakuachia mali yake mkononi kwa kukuamini. Imani hiyo ndiyo unayoichezea unapopasua pakiti kimyakimya.

Fanya hivi. Ukiingia, nenda kwanza kaunta, lipia biskuti peke yake, chukua risiti, kisha zunguka utakavyo. Foleni ikiwa ndefu, mwambie mhudumu wa kwanza unayekutana naye: "Mtoto ameanza, pakiti hii hapa, nitailipia." Na usitupe karatasi yenye ile mistari myeusi, maana mashine inasoma mistari hiyo, haisomi maelezo yako.

Wengi wenu mnalipa kwa simu. Siku mtandao utakapogoma, nyanya na sabuni utazirudisha kwenye rafu. Pakiti iliyoliwa utairudisha vipi? Kabla hujafungua chochote uwe na noti mkononi. Na kama unajua mtoto atalia, mpe uji nyumbani kabla hamjatoka. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kufundishwa kungoja nusu saa.

Naonja zabibu mbili tatu kabla hazijapimwa. Ni vibaya? (Msomaji wa Isamilo)

Ni vibaya. Kitu cha mizani kikishaingia tumboni hakipimiki tena. Swali hili nimelijibu zaidi ya mara moja, na kila anayeuliza anasema "mbili tatu" kana kwamba yuko peke yake dukani. Mwombe mhudumu akuonjeshe.

Wenye supamaketi ni matajiri. Karanga chache zitawapunguzia nini? (Mwanaume, Nyakato)

Ndugu yangu, mwenye duka hatazijua karanga zako. Atakayeulizwa mali ikipungua ni kijana aliyekabidhiwa rafu hiyo, ambaye mshahara wake huenda haufiki nusu ya wako. Soma barua ya mwisho hapa chini, kisha uniandikie tena kama bado una la kusema.

Soko la samaki la Mwaloni nikinunua dagaa lazima nitafune kwanza, la sivyo nauziwa mchanga. Mama mmoja alinifokea mbele za watu kwamba nimemaliza dagaa wake. Je, kuonja siku hizi ni dhambi? (Mfanyabiashara mdogo, Igoma)

Kuonja ni haki yako na ni desturi ya soko. Dagaa walioanikwa chini wanabeba mchanga, na jicho halitakuambia yote. Walioanikwa juu ya kichanja ni wasafi zaidi, lakini machoni gunia na gunia vinafanana. Msimu wa mvua ni mbaya zaidi: jua halitoshi, dagaa wanalala na unyevu, wanavunda na kuwa wachungu. Ulimi ndio unaojua. Anayenunua gunia la kupeleka Kongo au Burundi bila kuonja anatafuta hasara, na muuzaji mwaminifu hakatai uonje.

Tatizo ni namna. Kwanza unasalimia. Mimi naona watu wanafika Mwaloni, hawajasema hata "habari za asubuhi", mkono umeshazama gunia mpaka kiwiko. Salimia, uliza bei, halafu sema, "Mama, naomba nionje." Muache akutolee yeye, na kama unataka wa katikati ya gunia mwambie akutolee wa katikati, kwa sababu wa juu ndio waliochaguliwa. Dagaa mmoja wa juu, mmoja wa ndani, wawili wanatosha. Tafuna polepole kwa meno ya mbele, mchanga utausikia. Ukitaka kutema, geuka pembeni. Uliyemng'ata usimrudishe kwenye gunia la mtu. Nimeliona hilo kwa macho yangu na hamu ya kununua ikaniisha.

Anayechota kiganja kizima, akakimimina mdomoni na kuhamia meza ya pili, haonji. Anadokoa. Mama yangu alikuwa akiuza karanga na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa kikombe. Jioni tulipima kilichobaki tukakuta vikombe viwili au vitatu havina hela, na hakuna aliyeviiba. Viliondoka kiganja kwa kiganja, na kila aliyechota alisema anaonja. Vikombe hivyo ndivyo vilivyokuwa faida yake ya siku. Tulirudi nyumbani na mtaji tu, na mboga ya siku hiyo tukakopa.

Ukionja na hujapenda, sema "Wabeja mama", yaani asante kwa Kisukuma, "ngoja nizunguke", uende. Huna deni. Lakini ukionja meza tano bila nia ya kununua, ujue wanakuona na wanasimuliana. Nyongeza nayo inaombwa ukishalipa, haichukuliwi kabla.

Na wewe muuzaji unayesoma hapa ukitikisa kichwa: sado lako, kopo la kupimia, lililobonyezwa kitako ni wizi mbaya kuliko kiganja cha karanga, kwa sababu unaufanya kwa kila mteja, kutwa nzima. Wakala wa Vipimo wapo hapahapa Mwanza. Mteja akilitilia shaka sado lako, na aende akawaambie.

Duka la mtaani kwangu nafungua soda, nakunywa, nalipa nikimaliza. Ni sawa? (Kijana wa Mabatini)

Ni sawa, kwa kuwa muuzaji ndiye aliyekupa kwa mkono wake na chupa inabaki pale. Ni kama kwa mama lishe, unakula kwanza. Uwe tu na hela kabla ya kuagiza.

Nina kisukari, natumia insulini. Nikiwa dukani sukari ilishuka, mikono ikatetemeka, jasho likanitoka. Niliona haya kufungua soda bila kulipa, nikapanga foleni na nusura nianguke. Ningefanya nini? (Mwalimu, Mkuyuni)

Mwalimu, ungekunywa palepale! Barua yako imeninyima usingizi. Taratibu zote ninazozihubiri hapa zinakoma mtu anapokuwa hatarini. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L) kwenye kipimo chako, unahitaji gramu 15 hivi za sukari mara moja, na nusu glasi ya soda ya kawaida inazo. Ile isiyo na sukari haitakusaidia. Kunywa, kaa chini, mwambie aliye karibu, "Nina kisukari, nitalipa." Pima tena baada ya dakika 15, na kama haijapanda urudie. Ukishatulia, kula chakula.

Beba glukosi au pipi kwenye mkoba kila siku, hata unapokwenda jirani tu. Nanyi walinzi na wahudumu: mtu anayetokwa jasho na kutetemeka akiwa ameshika soda msimkamate mkono. Mleteeni kiti.

Shikamoo mama. Mimi ni keshia. Wateja wanakula njugu, biskuti, hata maziwa ya mtindi, wanaficha pakiti tupu nyuma ya rafu. Mwisho wa mwezi bosi anahesabu mali iliyopungua, anagawanya, anatukata wote mshahara. Mwezi uliopita nilibaki na hela ya nauli tu. Nikilalamika naambiwa mlango uko wazi. (Binti, jijini)

Marahaba binti yangu. Jina la duka umeniandikia, nami nalihifadhi. Barua hii ndiyo iliyonifanya niandike safu ya leo.

Bosi wako anakosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu kugawanya hasara kama mchango wa harusi. Ili akukate kwa ajili ya upotevu, lazima uwe umetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe, si la wenzako wala la mteja. Lazima akuandikie sababu, kiasi, na alivyokipata. Lazima akupe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayazidi robo ya mshahara wako.

Anza kuweka kumbukumbu leo. Hifadhi hati za mshahara, andika tarehe na kiasi kilichokatwa, na ukiokota pakiti tupu mwonyeshe msimamizi siku hiyohiyo, mbele ya mwenzako. Kisha mwombe bosi kwa maandishi akueleze makato ni ya nini. Mwandike kwa heshima, ubaki na nakala.

Asipojibu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ofisi yao ipo hapa jijini. Nendeni zaidi ya mmoja kama wenzako wako tayari. Lakini msichelewe: mgogoro wa namna hii unapelekwa ndani ya siku 60. Mkato wako wa kwanza, kwa tarehe ulizoniandikia, umeshakula 41.