Maswali ya Wasomaji: Anwani kadhaa za umma, fayawoli moja

SWALI: Kiwandani kwetu tunasindika sangara. Mtoa huduma ya intaneti ametupa kundi la anwani za umma 203.0.113.0/29; kwa kutaja tarakimu ya mwisho tu, lango lake ni .1 na fayawoli yetu ya Linux (mashine inayochuja mawasiliano kati yetu na intaneti) ni .2. Nimeandika kanuni .3 iende kwenye seva ya barua pepe, 192.168.10.20, na .4 kwenye mashine ya kurekodi kamera. Kutoka nje hakuna kinachofika, na barua tunazotuma Ulaya zinarudishwa. Nimekosea wapi?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kugusa kanuni, andika kwenye fayawoli amri hii inayoonyesha maulizo ya ARP, yaani ya nani mwenye anwani fulani (eth0 ni upande wa intaneti):

tcpdump -ni eth0 arp

Kisha mtu aliye nje ajaribu kuifungua .3. Ukiona "who-has 203.0.113.3 tell 203.0.113.1" ikijirudia bila jibu, basi ruta ya mtoa huduma inauliza nani mwenye .3 na kila mtu kanyamaza. Kanuni ya kutafsiri anwani haiitikii mwito huo. Lazima fayawoli yenyewe ipewe anwani:

ip addr add 203.0.113.3/29 dev eth0

Kama .3 iliwahi kukaa kwenye mashine nyingine, ruta inaweza kuendelea kuikumbuka ile ya zamani kwa saa kadhaa. Itangaze upya: arping -U -c 3 -I eth0 203.0.113.3.

Pakiti zikishafika zikakwama, tazama FORWARD, orodha ya kanuni za pakiti zinazopita ndani ya fayawoli. Tafsiri ya DNAT (kubadili anwani pakiti inakokwenda) hufanyika kabla ya uchujaji, kwa hiyo kanuni ya kuruhusu itaje 192.168.10.20, siyo 203.0.113.3. Ruhusu milango inayohitajika tu. Kupokea barua ni 25.

Kuhusu barua kurudi, bila shaka seva yako inatoka kwa sura ya .2. Kanuni husomwa kuanzia juu, na MASQUERADE ya ofisi nzima (kanuni inayowatoa wote kwa anwani ya fayawoli) ikitangulia, SNAT yako (kanuni ya kuchagua anwani pakiti inakotokea) iliyo chini haifikiwi kamwe. Iweke juu kwa -I:

iptables -t nat -I POSTROUTING -s 192.168.10.20 -o eth0 -j SNAT --to-source 203.0.113.3

Halafu mwombe mtoa huduma aweke rekodi ya PTR ya .3, yaani ile inayotaja jina la anwani, yenye jina la seva yako. Wapokeaji wengi hulinganisha anwani na jina hilo. Ukimaliza, hifadhi kanuni pamoja na anwani uliyoongeza, maana umeme ukikatika vyote vinapotea.

Ile .4 ya kamera, tafadhali iondoe. Mashine hizo hazisasishwi mara kwa mara na zinashambuliwa sana. Wanaotaka kutazama wakiwa nje waingie kwa VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti.

Jambo moja unapopima: tumia simu yenye bando, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Kompyuta iliyo mtandao mmoja na seva ikiita .3, seva huijibu moja kwa moja kwa 192.168.10.20, na kompyuta hulitupa jibu hilo kwa sababu haikuuliza huko. Kwa watu wa ndani, DNS ya ofisi (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) itafsiri jina la seva kuwa 192.168.10.20.