Nampeleka mama mkwe na watoto Lamu: tufanyeje ili turudi wazima?

SWALI: Daktari, shikamoo. Disemba hii tunakuja Lamu kwa wiki moja kutoka Nakuru: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 4 na 9, na mama mkwe wangu mwenye miaka 68. Mama ana kisukari, anajidunga insulini, na ana presha. Mwaka jana tulikwenda pwani, watoto wakaharisha, mama akazirai sokoni, na mimi na mume wangu tukarudi nyumbani tumenuniana. Safari hii siku ya kwanza tumepanga ngome na makumbusho asubuhi, ufuo wa Shela mchana na jahazi jioni. Nibebe dawa gani? Na kuna njia ya kupunguza huu mvutano?

JIBU: Marahaba, dada. Dawa nitakutajia, lakini hiyo ratiba ya siku ya kwanza ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote ulichoandika. Wageni wengi tunaowatibu hapa hawaumwi na kitu kigeni. Wametembea juani saa saba mchana, hawajanywa maji, hawajala kwa wakati, na kila mtu amekasirika.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Lamu mnashuka hadi baharini kabisa, na Disemba kaskazi imeanza: jua kali, hewa nzito yenye unyevu, jasho halikauki mwilini. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto la namna hii sawasawa, na siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi. Basi ishini kwa saa za mji. Watu wa hapa hufanya shughuli zao asubuhi, baada ya adhuhuri wanaingia ndani, wanakula, wanajinyoosha, na baada ya alasiri ndipo mabaraza na ufuo hujaa tena. Nanyi kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri kaeni kivulini. Watoto walale. Adhana ya alfajiri itawaamsha mapema, na mtoto wa miaka 4 asiyelala mchana atawamaliza nyote ifikapo magharibi.

Siku ya kwanza msifanye lolote zaidi ya kufika, kuoga, kula na kutembea kidogo jioni. Baada ya hapo, jambo moja kwa siku linatosha. Na kabla hujapanga habari ya mashua, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Kwenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda, mashua hupita kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko, na maji yakitoka haipiti. Familia nyingi hukwama na kugombana kwa sababu ratiba iliandikwa Nairobi au Nakuru bila kuuliza maji.

Sasa mama mkwe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kule kuzirai sokoni huenda kulikuwa sukari kushuka, si joto peke yake. Joto hupanua mishipa ya damu chini ya ngozi, kwa hiyo insulini huingia mwilini haraka kuliko alivyozoea nyumbani. Ongeza juu ya hayo kule kutembea vichochoroni, ambako hakuna gari la kumpunguzia mwendo, na chakula kilichochelewa. Hatari kubwa ni kwamba dalili zinafanana: jasho, kutetemeka, kichwa chepesi, kuchanganyikiwa. Kila mtu atasema ni jua. Msikisie, mpimeni sukari hapo hapo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L kwenye mashine), apewe sukari ya haraka: juisi yenye sukari au soda ya kawaida kiasi cha nusu glasi kubwa, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Mpimeni tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini mrudie. Ikishapanda, ale chakula. Kama hawezi kumeza au hajitambui, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Hospitali ya King Fahd iko hapa mjini Lamu. Mkilala Shela, kijiji cha ufuoni nje ya mji, jueni mapema mtapata wapi boti usiku, na muwe na namba ya nahodha mmoja.

Insulini isafiri mkononi, isiwekwe kwenye buti la basi. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha, maana insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Anayoitumia huweza kukaa nje wiki nne hivi ikiwa joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, kulingana na aina, na chumba cha Lamu mchana hupita hapo. Kama nyumba haina friji, iwekeni ndani ya mfuko usiopitisha maji, ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, mahali penye upepo na kivuli. Mashine ya kupimia na vijiti vyake navyo huharibika kwa joto, visiachwe juani.

Miguu yake iangalieni kila jioni. Mwenye kisukari wa miaka mingi anaweza kukanyaga mchanga unaochoma na asihisi, akaja kuona malengelenge usiku. Avae viatu hata ufukweni.

Mwulizeni daktari wake kabla hamjaondoka kama miongoni mwa dawa zake kuna ya kukojoza au metformin, kidonge cha kisukari. Akishikwa na kuhara au kutapika, dawa ya kukojoza inaweza kuumiza figo mwili ukiwa umekauka, na metformin inaweza kujilimbikiza mwilini hadi kudhuru, kwa hiyo ni lazima mama ajue ipi ya kusimamisha na kwa muda gani. Insulini asiiache kwa kujiamulia. Pia wazee hawasikii kiu vizuri, kwa hiyo apewe maji kabla hajaomba.

Kwa watoto, beba ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na zinki. Soma pakiti, maana nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita nzima, na ukikosea kipimo unamwongezea mtoto chumvi. Zinki kwa watoto wa umri wao ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Dawa za kufunga tumbo usiwape. Damu kwenye choo, kutapika kila kitu, au mtoto kulegea na macho kudidimia: hospitali, msisubiri asubuhi.

Maji ya visima vya mjini si ya kunywa hivi hivi. Yakichemka yakatokota dakika moja vijidudu vimekufa, ingawa ladha ya chumvi haitoki. Watu wengi hukumbuka maji wakasahau barafu: juisi ya ukwaju au ya embe huwa salama au isiwe salama kutokana na barafu iliyotiwa. Viazi karai vikitoka kwenye karai, samaki wa kupaka akiwa moto, mahamri ya asubuhi, kuleni kwa raha zenu. Kilichopoa na kukaa mchana kutwa kiacheni.

Huo mvutano mlionao hauponywi na dawa, lakini kuna mambo mawili nimeona yanasaidia sana. La kwanza ni fedha: kubalianeni mkiwa Nakuru kiasi cha kutumia kwa siku, na bei ya mashua ipatane kabla hamjapanda. La pili, kila mtu mzima apate saa mbili zake kila siku bila mtoto na bila kuulizwa anakwenda wapi. Wewe asubuhi, mumeo jioni. Mama mkwe naye ana haki ya kusema leo habanduki barazani, na asibembelezwe. Wanawake wengi huja likizo wakapika na kufua kuliko nyumbani, halafu tunashangaa presha yao imepanda. Chakula cha mchana nunueni.

Mkipanda boti, kila mtoto avae jaketi la kuokolea lenye saizi yake, hata kuvuka tu kutoka Mokowe, kwenye gati la bara.

Mwisho ni mbu. Nyinyi wa nyanda za juu hamna kinga ya malaria, kwa hiyo lalieni neti yenye dawa na mmwone daktari wiki mbili tatu kabla ya safari kuhusu dawa za kuzuia. Atovakwoni-proguanili, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na huendelea siku 7 baada ya kurudi. Watoto hupewa kwa uzito. Mbu wa mchana nao wapo. Mwaka 2004 chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ililipuka hapa Lamu wakati wa ukame, mbu wakizaliana kwenye maji yaliyowekwa akiba. Jipakeni dawa ya mbu mchana pia. Homa ikija mkiwa hapa, tumieni paracetamol, msinywe diclofenac wala aspirini kabla ya kupimwa, kwani ikiwa ni homa ya dengi, nayo ya mbu, zinaweza kuleta kutokwa damu. Na homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi Nakuru, nendeni mkapimwe malaria siku hiyo hiyo, na mmwambie daktari kwamba mlikuwa pwani.