Maswali na majibu: Kupanga video za HD (zenye picha ya ubora wa juu) ndani ya Kodi, programu ya kupanga na kucheza video

Swali: Diski yangu ina filamu za kila aina. Je, niongeze "1080p" kwenye jina la kila faili ili Kodi izitenganishe?

Jibu: Usijisumbue. Kodi husoma upana na kimo cha picha kutoka ndani ya faili lenyewe, kisha huiwekea filamu alama ya 720, 1080 au 4K, yaani viwango vya ubora wa picha kutoka cha chini kwenda cha juu. Ikiwa alama haionekani, washa kipengele cha kuchukua taarifa za video katika mipangilio, au cheza filamu hiyo kidogo tu, kwa kuwa taarifa hizo huhifadhiwa pia wakati wa kuicheza. Jina la faili lina kazi nyingine: liandike kwa mtindo wa "Jina la Filamu (2015).mkv", maana mwaka ndio unaoisaidia programu kutofautisha filamu mbili zenye jina moja inapotafuta maelezo na picha ya jalada kwenye TMDB, hifadhidata ya filamu iliyo mtandaoni.

Swali: Filamu yangu ina pikseli 1920 kwa 800, lakini imewekewa alama ya 1080. Nimeuziwa HD ya uongo?

Jibu: La. Filamu nyingi za sinema ni pana, na aliyetengeneza faili ameondoa tu ile mistari myeusi ya juu na chini; upana wa 1920, ambao ndio wa 1080, umebaki vilevile.

Swali: Nawezaje kuona za HD za 1080 na zaidi peke yake?

Jibu: Tengeneza orodha inayojijaza kwa masharti, ukiweka sharti moja kwamba ubora wa picha uzidi 720. Filamu za 1080 na za 4K zitaingia zenyewe, pamoja na utakazoongeza baadaye. Kwa maoni yangu njia hii inashinda kugawa folda kwa ubora, kwa sababu siku utakapopata nakala bora hutalazimika kuhamisha chochote.

Swali: Video za harusi nilizopiga kwa simu zinapewa majina ya filamu za Marekani. Nifanyeje?

Jibu: Programu inazitafuta mahali zisipokuwepo. Zitenge kwenye folda yake na, unapoiongeza katika Kodi, chagua kwamba haina aina yoyote ya maudhui. Utazikuta katika sehemu ya mafaili. Anza kila jina na mwaka, mwezi, kisha siku, kwa mfano "2024-08-17 Harusi ya shangazi.mp4", nazo zitajipanga kwa mfuatano wa matukio. Ukitanguliza siku, video za tarehe 17 za miaka yote zitarundikana pamoja.