Swali la lugha: "Kuchangia nyaraka", kwani kuna harusi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu wanne tunatengeneza programu huria ya kutunza hesabu za vikoba. Msimbo wake uko GitHub, tovuti ya kutunzia na kuandikia programu kwa pamoja, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Tunachokosa ni watu wa kuandika na kusahihisha maelezo ya matumizi. Nikaandaa ukurasa wenye kichwa "Jinsi ya kuchangia nyaraka", nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Wa kwanza kujibu akauliza, "Kiasi gani, na namba ya kutuma ni ipi?" Wa pili akasema mwezi huu ana michango mitatu tayari. Je, nimekosea Kiswahili? Na "ombi la kuvuta" ni tafsiri sahihi ya pull request, lile ombi la mtu anayetaka marekebisho yake yaingizwe kwenye mradi? Nimekuambatishia ukurasa wenyewe. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kichwa chako hakina kosa la sarufi. Kilichokuponza ni harusi.

Kuchanga ni kila mtu kutoa chake kikawekwa pamoja. Ukitia kiambishi cha kutendea unapata kuchangia, na hapo ndipo tabu inapoanza, kwa sababu kitenzi hiki hubadilika kulingana na kinachokifuata. Kuchangia harusi: harusi ndiyo inayosaidiwa. Kuchangia damu: damu ndiyo inayotolewa. Kuchangia hoja, kama wasemavyo wabunge wakishashukuru kupewa nafasi: hoja inazungumzwa tu. Halafu kuna kuchangia choo, au lile onyo la wahudumu wa afya dhidi ya kuchangia nyembe na sindano: hapo ni watu wengi kutumia kitu kimoja. Sasa mtu anakutana na "kuchangia nyaraka" kwenye simu, saa mbili usiku, katika kundi ambalo wiki iliyopita lilikuwa na kadi mbili za mchango. Atoe nyaraka alizo nazo? Azisaidie? Azitumie pamoja na wewe? Hatakaa kuchambua. Atachukua maana iliyo karibu zaidi na mfuko wake.

Waliokwisha kuingia katika dunia ya programu wamelizoea neno mchangiaji na silipingi. Ila kwa aliye nje bado, taja kazi yenyewe: "Tusaidie kuandika maelezo ya programu hii." Au hata fupi zaidi: "Umeona kosa? Lisahihishe." Akishalisahihisha, muweke kwenye orodha ya wachangiaji, hapo neno litamfurahisha badala ya kumfanya ashike pochi.

Nyaraka nalo lina hadithi yake. Waraka limetoka Kiarabu, kwenye neno la jani na karatasi. Waswahili wakaisikia ile w ya mwanzo, wakaichukulia kama kiambishi cha ngeli, wakaunda wingi: waraka, nyaraka. Ndivyo walivyofanya pia kwa wakati na nyakati, na hata kwa waya wa Kiingereza ukazaa nyaya. Kwa hiyo ni nyaraka hizi. Wewe umeandika "nyaraka hii" mara mbili, aya ya pili na ya tano.

Lakini tatizo langu na neno hili ni la sikio zaidi kuliko la ngeli. Waraka kwetu hutoka juu kwenda chini. Kuna waraka wa wizara, waraka wa maaskofu, Waraka wa Paulo kwa Warumi. Nani atathubutu kumsahihisha Paulo? Nyaraka zina muhuri, zinafungiwa kabatini, zinapelekwa mahakamani kama kielelezo. Wewe unamtafuta mtu atakayekwambia kwamba umeruka hatua ya tatu. Mwite aje kwenye maelezo, au kwenye mwongozo kama ni hatua kwa hatua. Nyaraka liache liwe jina la kabrasha zima, ukilihitaji.

Huria umelitumia vizuri, usilibadilishe kuwa bure. Chuo Kikuu Huria nacho kina ada. Programu za namna hii na Kiswahili hazikukutana jana: Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2004.

"Ombi la kuvuta"? Hapana. Kuvuta kwetu kunakuja na kamba, sigara na mengine ambayo polisi wanayafahamu. Kiingereza kilimtazama mwenye mradi: ndiye anayeombwa avute mabadiliko ayaingize kwake. Msomaji wako amesimama upande wa pili, yeye anapeleka. Mwambie apeleke marekebisho yake yakaguliwe, basi. Jina la kitufe, kwa kuwa kwenye skrini limeandikwa Kiingereza, liandike vilevile lilivyo. Ukimtafsiria kitufe atakitafuta mpaka achoke.

Sasa tuisome sentensi yako moja, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie kirefu hivi:

"Mchangiaji anatakiwa kuhakikisha kuwa mazingira ya uendelezaji yamesanidiwa ipasavyo kabla ya uwasilishaji wa ombi la kuvuta."

Hapo hakuna mtu anayefanya kitu. Kuna uendelezaji, kuna uwasilishaji, kuna mazingira, na kuna mchangiaji mmoja mnyonge ambaye "anatakiwa", hatujui na nani. Na zaidi ya lugha, sharti lenyewe halihitajiki. Anayerekebisha neno lililokosewa hana haja ya kusanikisha chochote. Akiwa na akaunti ya GitHub, anafungua ukurasa kwenye kivinjari, anabonyeza alama ya penseli, na GitHub yenyewe inamtengenezea nakala ya kufanyia kazi. Ningeandika hivi:

"Fungua ukurasa wenye kosa. Bonyeza alama ya penseli (ukiombwa, bonyeza 'Fork this repository'), kisha sahihisha. Ukimaliza, bonyeza 'Commit changes', eleza kwa sentensi moja ulichobadilisha, bonyeza 'Propose changes', halafu 'Create pull request'. Mmoja wetu atasoma na kukujibu. Huwezi kuharibu kitu: hakuna kinachobadilika mpaka tukikubali."

Sikuweka "usiogope". Ukimwambia mtu asiogope, anageuka kutazama kuna nini nyuma yake. "Huwezi kuharibu kitu" inampa sababu. Tafadhali nayo inatosha moja kwa ukurasa mzima. Wewe umeweka kumi na moja, kama karani anayekaribia kukunyima huduma. Ile ahadi ya kujibu itimizeni, maana hapo hakuna msamiati utakaowaokoa.

La mwisho. Umewaita wanaoanza "wachangiaji wachanga". Inachekesha masikioni, lakini mchanga ni mtoto wa juzi, au embe lisiloiva. Mama mweka hazina wa kikoba, miaka hamsini na kitu, aliyeandika madaftari ya hesabu tangu wewe uko shule ya msingi, hataki kuitwa mchanga. Na ndiye unayemhitaji, kwa sababu yeye ndiye atakayekwama pale ambapo ninyi watano mnapita mmefumba macho. Sema "wanaoanza", au "wageni" ukipenda. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenu mpeni siku ile ile anayoingia. Akifika ya tatu ameshazoea, haioni tena hatua iliyorukwa.

Miradi mingi huko GitHub huzitenga kazi ndogo kwa ajili ya watu hao na kuzibandika lebo ya "good first issue", yaani kazi nzuri ya kuanzia. Ninyi mnayo moja tayari. Zile "nyaraka hii" mbili usiziguse. Zibandike lebo, mwachie mgeni wa kwanza.