Namba iliyochelewa kutoka haina deni na mtu

SWALI: Nacheza bahati nasibu ya kuchagua namba 6 kati ya 49. Namba 38 haijatoka droo 20 mfululizo. Jamaa anayeuza chati za namba za moto (zinazotoka mara nyingi) na baridi (zilizochelewa kutoka) anasema nafasi yake sasa imepanda sana. Naihesabuje kabla sijaongeza dau?

JIBU: Nafasi ya 38 kuwamo kwenye zile sita ni 6 kwa 49, kama asilimia 12.2. Ilikuwa hivyo droo 20 zilizopita, na ijayo ni hivyohivyo.

Najua hesabu uliyoonyeshwa. Namba kukosa droo moja ni 43/49. Izidishe kwa yenyewe mara 20, unabaki na asilimia 7 hivi. Ni kweli, ila muuza chati huishia hapo makusudi. Namba ziko 49! Asilimia 7 ya 49 ni tatu na nusu, kwa hiyo siku yoyote utakayoangalia, kwa wastani namba tatu au nne zitakuwa hazijaonekana droo 20. Bidhaa yake haimwishii kamwe. Tena hiyo asilimia 7 ilikuwa ya kukisia ukame kabla haujaanza. Ukishapita, haubadilishi chochote kwenye mpira unaoingia mtamboni leo.

Imani hii imefilisi watu. Nchini Italia, namba 53 kwenye droo ya Venice ilikaa droo 182 bila kutoka, hadi Februari 2005. Nafasi yake kila droo ilikuwa 1 kwa 18, mwanzo hadi mwisho, lakini watu walizidi kupandisha dau kwa kuwa "lazima itoke". Kuna familia zilizomaliza akiba zote.

Usiongeze dau, na chati usinunue. Kupatia zote sita ni 1 kwa 13,983,816, na hakuna chati wala programu inayopunguza hesabu hiyo.

Wauzaji hawa watakutumia picha za tiketi zilizoshinda. Zipime hivi: kupatia namba tatu kati ya sita ni kama 1 kwa 57. Anayewagawia wateja 1,000 namba alizookota tu, kila mmoja zake, atapata 17 au 18 waliopatia tatu katika droo moja. Hao ndio anaowatangaza. Wale 980 na ushee waliokosa tayari wamemlipa.