Ile picha ya koti la dhahabu

Mdogo wangu, wiki hii nimepata meseji tatu kutoka Tanga, zote kuhusu picha ileile. Ya kwanza inauliza kama ni kweli nimeajiriwa ikulu ya Warusi. Ya pili inataka nimfanyie mtu mpango. Ya tatu ni yako: "Kaka, na mimi nataka kuja kusoma fasihi ya Kirusi, naona inalipa."

Haya, sikiliza. Lile koti jekundu lenye nakshi za dhahabu si langu. Wigi jeupe si langu. Soksi ndefu za magotini ndizo zangu, nilikatwa hela yake. Hiyo ni sare ya kazi. Nasimama mlangoni mwa mgahawa mmoja jirani na barabara ya Nevsky, hapa Saint Petersburg, nimevalishwa kama "arapu", jina walilowapa watumishi weusi wa jumba la mfalme enzi hizo. Kazi yenyewe ni kutabasamu, kuinama, kugawa vipeperushi na kupigwa picha na watalii. Hiyo mnayoigombania alinipiga mwenzangu wa bweni akaitupia statasi kwa utani. Nasikia mama ameisafisha na kuitia fremu.

Ndugu zetu wa Marekani husema wanabeba maboksi. Afadhali boksi, halikuvalishi wigi.

Ndiyo, nimekuja kwa ufadhili wa serikali ya huku. Ada silipi. Lakini nauli ya ndege, bima na kula ni juu yako, na bumu lenyewe ukinunua mchele na mafuta limekwisha. Mwaka wa kwanza mzima ni lugha tu, hujagusa fasihi. Ukishaingia fasihi, mitihani mingi ni ya mdomo: vikaratasi vimefunikwa mezani, unaokota kimoja, unapewa muda kidogo wa kujipanga, halafu unajieleza mbele ya mwalimu. Hapo hakuna kudesa.

Sisi Waswahili tuna nafuu kidogo. Mambo ya neno moja kuyaburuta mengine yafanane nalo tumeyazoea kwenye ngeli. Walimu huitwa kwa jina lao na la baba zao, na mtu wa pwani aliyekulia kwenye "bin" na "binti" hashangai. Kinachotuumbua ni mkazo. Kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, umetulia. Kwa Warusi unazurura. *Zamok* ukiikaza mwanzoni ni kasri, ukiikaza mwishoni ni kufuli.

Mwaka jana Januari, nyuzi 12 chini ya sifuri, nimevaa sweta mbili chini ya lile koti, mgeni hata mmoja hapiti. Ili nisigande nikaanza kusema kwa sauti beti za *Yevgeny Onegin*, ile hadithi ya mashairi ya Pushkin, mshairi mkubwa wa Warusi, tulizopewa kuhifadhi. Kila ubeti mistari 14, na mapigo yake ukishayashika yanakubeba kama utenzi. Akapita bibi mmoja na mfuko wa viazi, akasimama. Nikajua anataka picha, nikatengeneza tabasamu. Kumbe anasikiliza. Nilipomaliza akasema, "Umekosea mara mbili." Pale Pushkin anaposifu kasri la ami yake Onegin, mimi nilikuwa nasifu kufuli. Akanirudisha neno kwa neno kama ustadhi wa madrasa, mpaka akaridhika. Kisha akauliza: mama yako anajua kwamba umetoka bila kofia? Nikamwonyesha wigi. Akaguna, akachukua viazi vyake akaenda. Hakunipa hata rubo, na siku ile nilirudi bwenini nimefurahi kama mjinga.

Inayoniuma ni nyingine. Darasani tulikuwa tunasoma riwaya aliyoianza Pushkin mwaka 1827 asiimalize, kuhusu babu wa mama yake. Huyo alikuwa Mwafrika, Abram Gannibal, aliyeletwa kwa Peter Mkuu akiwa mtoto. Mfalme mwenyewe akamsimamia ubatizo mwaka 1705, akapelekwa Ufaransa, akasomea uhandisi wa ngome, akaishia kuwa jenerali. Mwalimu akanigeukia: "Wewe tuambie, alijisikiaje?" Darasa zima likanitazama. Nikasema sijui, mimi natoka Tanga. Wakacheka. Jioni nikaenda kazini kuvaa wigi. Jenerali wa miaka mia tatu iliyopita, na mimi hapo mlangoni namwigiza mfungua mlango.

Na hilo wigi ndilo lililonunua bati la mama. Kadi za Visa na Mastercard za huku hazivuki mpaka tangu Machi 2022, kwa hiyo nampa rubo kijana mmoja, nduguye wa Dar anamrushia mama kwenye simu, na wao wanakata chao. Ikichelewa siku mbili tu, naambiwa nimewasahau.

Basi usije. Kama unatafuta kinacholipa, soma udaktari kama Watanzania wengi wa huku, ambao wana haki ya kunicheka. Lakini kama ni fasihi kweli, njoo. Gogol, mwandishi wao mwingine, ana kisa cha karani maskini anayejinyima chai ya jioni ili ashonewe koti, na ukikisoma huku ukiwa na koti la mtumba lisilofunga kifungo, huhitaji mwalimu. Njoo, ila jifunze Kirusi kwanza, ujue unachosaini. Mtu akikuwekea mezani mkataba wa mshahara mnono, wa ulinzi sijui wa kiwanda, inuka uondoke. Mwaka 2023 serikali yetu ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekuja huku kusoma, akafia vita ya Ukraine. Hilo sitanii.

Koti usinunue Dar. Hapana, nunua, usije ukashuka uwanjani na shati.

Mama anatumia kitochi, haya hatayaona. Picha iacheni ukutani. Au itoeni, sijui. Nitamweleza mwenyewe nikija, nauli ikipatikana. Wewe nenda tu ukaniangalizie lile bati, kama upande wa jikoni bado linavuja.