Nani kanilia kuku saba?

Barua za wafuga kuku, na majibu ya bibi yenu wa Mwera

*Shikamoo bibi. Mimi ni mwanamke wa Kitogani, kusini Unguja, nina kuku wa kienyeji kumi na wawili, yaani nilikuwa nao. Banda langu ni la fito na udongo, limeezekwa makuti, na mbele nimeweka waya wa kuku ili upepo uingie. Wiki tatu nyuma niliamka alfajiri nikakuta mitetea wawili wamekufa karibu na waya, miili mizima, vichwa hawana. Usiku wa tatu baada ya hapo nikakuta wanne wamelala chini, shingo zimetobolewa, na wa tano hayupo kabisa. Manyoya yake yamefuatana mpaka kichakani. Mume wangu anasema tununue taa ya sola. Jirani anasema tutie sumu. Baba mkwe anasema huyo ni chui wa mtu, tusijisumbue na banda. Nani kanilia kuku wangu? Kwa kawaida huwafungia nikishasali isha.*

Marahaba mwanangu, na pole. Saba kati ya kumi na wawili! Mimi nisingelala.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni ile sentensi ya mwisho, uliyoitia kama vile haina uzito. Kuku haambiwi wakati wa kulala. Magharibi ikiadhiniwa keshapanda kijitini mwake. Kuanzia hapo mpaka umalize isha ni saa nzima na zaidi, mlango uko wazi, na kuku gizani haoni kitu: akiguswa hupiga kelele tu, hajui akimbilie wapi. Basi kuanzia leo, mlango ufungwe kabla hujatia udhu wa magharibi. Ukiwa hupo, mtoto afunge. Hili halina gharama hata ya msumari, ndiyo maana nimelitanguliza.

Sasa tumtafute mwizi. Niliolewa Muyuni miaka kumi na moja, kwa hiyo nchi ya huko naijua na wanyama wake wamenilia kuku vya kutosha.

Wa kwanza kumwachia huru ni cheche, yaani nguchiro. Kila kuku akifa Unguja, cheche ndiye hutajwa, lakini cheche ni mnyama wa mchana. Huyo utamwona saa nne asubuhi anakatiza njia, mkia juu, na kifaranga mdomoni. Usiku amelala kama wewe.

Chatu naye simwoni hapa. Chatu humeza mzima, haachi kichwa wala kiwiliwili, na manyoya ni machache sana. Mara nyingi asubuhi unamkuta mle mle bandani, kwa sababu tundu aliloingilia akiwa mwembamba halimtoshi tena kutokea.

Ngawa anaweza, ila ngawa ni mzito, tambo lake kama la mbwa, na si mpandaji. Angeingia kwa mlangoni au kwa kufukua chini, nawe ungeliona shimo. Tena ngawa mara nyingi yuko kwenye embe zilizoanguka na jongoo. Ndiyo, anakula jongoo, sijui wanampa ladha gani.

Wanaobaki ni paka wa mwituni na uchui. Uchui unamjua: mwili mrefu mwembamba, madoadoa meusi, mkia mrefu wa pete pete. Wataalamu walimwandika vitabuni kama uchui wa aina ya pekee wa kisiwa chetu mwaka 1998. Watu wa kusini walikuwa na jina lake toka enzi za mabibi zao. Hupanda mti kama tumbili. Sasa soma tena ulichoniandikia. Usiku wa kwanza, vichwa hakuna na miili iko karibu na waya: mnyama alikuwa nje. Alizunguka, kuku wakataharuki wakajigonga kwenye waya, akapitisha mkono na kuvuta kilichopita, nacho ni kichwa. Akaonja, akajua pana chakula. Usiku aliporudi hakuhangaika na waya, alipanda juu akatenganisha makuti, akaingia. Wanne aliwaua akawaacha si kwa sababu ana chuki. Mnyama wa namna hii akiwa ndani ya chumba kidogo na mbawa zinampigapiga usoni, huuma kila kinachotikisika mpaka kutulie. Kisha hubeba mmoja, maana ndiye anayemuweza.

Hayo ni makisio yangu nikiwa Mwera. Wewe uko pale pale, na kumjua mgeni kwa hakika ni kazi ya jivu. Chukua jivu la meko, lichekeche, na jioni ukishafunga limwage jembamba mbele ya banda na pale manyoya yalipopita, upana wa hatua moja. Alfajiri, kabla watoto hawajapita, nenda na taa uiinamishe pembeni ili nyayo zipate kivuli. Paka na uchui huficha kucha, utaona vidole tu kama vimebonyezwa kwenye unga. Mbwa na ngawa, kucha zinaandika. Ukiona mstari mpana uliolegea, kama mtu kaburuta mpini wa jembe, hapo rudi nyuma kwanza ukatafute fimbo ndefu. Na uutazame ukingo wa makuti kwa chini: anayepanda huacha unyoya mmoja au nywele kwenye chane.

Kuhusu banda. Waya wa kuku, huu wa matundu makubwa ya pembe sita, umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mwingine asiingie. Mkono wa paka unapita, panya anapita mzima, na mbwa akiuvuta kwa meno unakatika kama uzi. Usiung'oe, lakini kwa ndani ongeza wavu wa chuma wa tundu la nusu inchi, kuanzia chini mpaka juu ya usawa wa kijiti. Na kijiti chenyewe kisogeze katikati, dhiraa moja kutoka kwenye waya, ili kuku akilala mkia wake usiwe karibu na mkono wa mtu.

Juu ndiko kwenye kazi. Makuti ni mazuri, yana ubaridi, sikwambii uyatoe uweke bati uwachome kuku wako mchana. Ila chini ya makuti, kwenye fito za paa, tandaza wavu ule ule na uufunge kwa waya kila shibiri. Akitenganisha makuti atakuta wavu. Nyavu kuukuu za kuvulia usiweke hapo. Zinafaa mchana, kutandazwa juu ya uwanja wa vifaranga kunguru asishuke, lakini usiku panya huzitafuna.

Kwa chini ningekwambia chimba sentimita 30 uzike wavu, kama nilivyofanya mimi hapa Mwera kwenye udongo laini. Lakini kwenu ni maweni, ukichimba unaishia kuvunja jembe na kumtukana bibi. Basi usichimbe. Ulaze wavu juu ya ardhi kuuzunguka ukuta wa banda, utoke nje sentimita 60, halafu upange mawe juu yake, na mawe Kitogani hayanunuliwi. Mnyama anayefukua huanzia ukutani kabisa. Akikuta chuma chini ya kucha hajui kurudi hatua moja nyuma aanzie mbali.

Ukimaliza, fanya ninavyofanya kila baada ya masika, mvua zikishaliosha banda. Chukua yai moja, uingie bandani mchana, ujifungie. Popote unapoona mwanga, jaribu kulipitisha lile yai. Likipita, ziba leo. Siku moja nilidhani banda langu ni ngome, nikakuta matundu matatu, moja chini ya mlango ambapo mbao imeliwa na mchwa. Lakini usizibe kila kitu mpaka hewa ikose pa kupita. Kwa joto letu, harufu ya mavi ya kuku ikifungiwa inawaumiza vifua. Hewa ipite juu, kwenye wavu.

Taa ya sola: mwambie mumeo ahifadhi pesa anunue wavu na komeo la chuma. Mimi niliwahi kuiamini taa. Nilitundika globu mlangoni, mlango wenyewe nikauegemeza kwa tofali, nikajiona mjanja. Desemba 2009 umeme ukakatika Unguja yote mpaka Machi 2010. Usiku wa nne wa giza nilipoteza kuku tisa na jogoo ambaye sijapata mfano wake. Na hata inapowaka, mnyama huizoea baada ya siku chache, akawa anakula kwa raha anaona vizuri.

Sumu, hapana. Jirani yangu mmoja aliitia kwenye utumbo wa kuku. Aliyekufa ni paka wake mwenyewe, na mwezi uliofuata panya walimlia mpunga.

Limebaki la baba mkwe, la chui anayefugwa na mchawi, na hapo naingia kwa adabu. Chui kisiwani alikuwepo. Nikiwa skuli tulipelekwa makumbusho ya Mnazi Mmoja nikamwona aliyekaushwa, mdogo kuliko nilivyomdhania. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 palikuwa na msako wa wachawi na chui wao kisiwa kizima. Wazee waliolelewa na habari hizo hawawezi kuzisahau kwa sababu ya barua yangu. Usibishane naye. Mwambie, "Sawa baba, lakini nisaidie kupanga mawe." Ila usikubali jina la jirani yeyote litajwe kwa ajili ya kuku. Chui hahangaiki kuvuta kichwa cha mtetea kwenye tundu la waya.

*Assalaam alaykum mama. Niko Wete, Pemba. Kuku wangu aliangua vifaranga kumi na wawili, nawalaza na mama yao ndani ya tenga, jikoni, mlango umefungwa. Kila siku mbili tatu anapungua mmoja. Hakuna damu, hakuna manyoya. Sasa wamebaki watano.*

Waalaykumu ssalaam, kaka. Adui umelala naye nyumba moja. Sogeza magunia yaliyo pembeni ya jiko utaona tundu, na pengine mguu wa kifaranga umebaki mlangoni. Panya mkubwa humchomoa kifaranga chini ya bawa la mama yake polepole, mama mwenyewe haoni, na tenga kwake ni ngazi.

Tafuta kasha la mbao, chini ulipigilie bati, juu kifuniko cha wavu wa nusu inchi na jiwe zito. Wakae humo kila usiku mpaka watimize wiki sita. Wishwa na chenga zitie kwenye pipa lenye kifuniko, maana hizo ndizo zilizomwita. Kifaranga kilikuwa cha kushushia. Ikitokea unamkuta kifaranga amekufa bila jeraha, hiyo ni habari nyingine. Kawaone watu wa mifugo, na ukiwa huko uliza chanjo ya mdondo, ile ya tone la jicho ya kila miezi 3. Mdondo ukiingia mtaani hula kuku kuliko ngawa wote wa Pemba na Unguja.

*Bibi, niko Fuoni. Kuku wote tisa wamepotea usiku mmoja. Hakuna unyoya, hakuna damu, na kufuli nimelikuta limefungwa vile vile. Ni mnyama gani huyu?*

Mwanangu, mnyama anayefungua kufuli, akachukua tisa, akalifunga tena, ana miguu miwili na pengine anakusalimia. Badilisha kufuli, na funguo za zamani uzihesabu ziko kwa nani. Kuku wapya uwatie alama, uzi wa rangi mguuni, hasa tunapoelekea sikukuu. Kisha nunua kanga wawili uwalaze pamoja nao. Kanga akisikia hatua usiku huamsha mtaa mzima. Majirani watakulalamikia, mvumilie anayelalamika zaidi, ila mtazame vizuri.